Jalada la Daktari na Ujasiri wa Kuandika Kosa

(Hotuba hii ilisomwa katika ukumbi wa shule, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, na mwenzetu aliyemaliza Kidato cha Sita mwaka 1998 na ambaye sasa ni daktari bingwa wa magonjwa ya watoto. Tunaichapa kama ilivyosomwa. – Mhariri)

Ndugu Mwenyekiti wa Umoja wetu, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu wa zamani na wa sasa, ndugu zangu tuliosoma pamoja, na ninyi vijana mliokaa nyuma kule karibu na madirisha, mahali ambapo na mimi nilipenda kukaa ili nisionekane nikisinzia:

Awali ya yote nawashukuru walioandaa mkutano huu kwa kunipa nafasi ya kusimama katika jukwaa hili. Mara ya mwisho nilipolipanda nilikuwa nimeitwa na mwalimu wa zamu, na sikuitwa ili nipongezwe.

Ndugu Mwenyekiti aliponiandikia aliniomba nizungumzie "maendeleo ya udaktari". Nikaona hilo ni pori kubwa, naweza kupotea humo pamoja nanyi. Nimechagua njia moja nyembamba. Nitasema jinsi daktari anayesomea ubingwa anavyoweka kumbukumbu za kazi yake katika kompyuta, na jinsi anavyotakiwa kujihoji juu ya kazi hiyo. Najua baadhi yenu mtaguna na kusema, "Ametoka ng'ambo yote ile kutueleza habari za mafaili!" Naomba subira. Ndani ya mafaili haya limo swali linalomhusu kila mtu aliyemo ukumbini, awe mwalimu, mhasibu, fundi au askari: ukikosea kazini, utamwambia nani?

Andalio la somo

Nianze hapa hapa shuleni. Mwaka 1994, nikiwa Kidato cha Tatu, nilikuwa monita wa darasa. Kazi mojawapo ya monita ilikuwa kubeba vitabu vya mwalimu kutoka ofisi ya walimu hadi darasani na kuvirudisha. Kati ya vitabu hivyo lilikuwamo daftari la maandalio ya masomo. Walimu wanalifahamu vizuri. Mna mada, malengo, vifaa, hatua za ufundishaji, na mwisho kabisa mna sehemu mbili ndogo: Tathmini na Maoni.

Sehemu hizo mbili zilinivutia, kwa kuwa karibu kila ukurasa zilisema neno lile lile: "Somo limeeleweka." Tena kuna nyakati nililibeba daftari kwenda darasani, somo halijaanza, na tayari lilikuwa limekwisha kueleweka! Naomba walimu waliopo wanisamehe. Sitaji jina la mtu.

Lakini siku moja mwalimu wetu wa Kiswahili alifundisha ngeli za majina, na kusema kweli tulitoka darasani tukiwa gizani. Nilipokuwa nikilirudisha daftari lake nilichungulia. Aliandika hivi: "Somo halikueleweka. Nilikwenda haraka na mifano yangu ilikuwa migumu. Kesho nianze upya kwa vitu vya jikoni." Na kesho yake kweli alikuja na sufuria, mwiko na kikombe kutoka jikoni mwa shule, akavipanga mezani, akaanza upya. Hadi leo sijasahau ngeli.

Nilikuwa na umri wa miaka 16, na ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona mtu mzima, tena mwalimu, akiandika kwa mkono wake kwamba ameshindwa. Nawaomba mkumbuke daftari lile, kwani nitalirudia.

Jalada ni kitu gani?

Zamani aliyesomea ubingwa alifanya kazi chini ya mkubwa wake kwa miaka kadhaa, akafanya mitihani, na mkubwa akisema "huyu anafaa", basi. Kumbukumbu yake ilikuwa kitabu cha kuorodhesha operesheni au wagonjwa, chenye sahihi pembeni. Kitabu hicho kiliweza kulowa mvua, kupotea ndani ya basi, au kujazwa usiku mmoja kabla ya mtihani kwa kalamu ya wino wa rangi moja.

Nchini Uingereza mambo yalibadilika hasa kuanzia mwaka 2005, mafunzo ya madaktari vijana yalipopangwa upya, na jalada la kielektroniki likawa sehemu ya mafunzo hayo. Mwaka 2007 madaktari wa upasuaji nao walianza mtaala wao unaoendeshwa kwa njia ya kompyuta. Leo hakuna anayesomea ubingwa huko asiyekuwa na jalada. Humo mna orodha ya kazi alizozifanya kwa mikono yake. Mna fomu za wakubwa waliomtazama akimpima mgonjwa au akitoboa mshipa, wakaandika alichofanya vizuri na alichokosea. Mna maoni ya wauguzi, makarani na madaktari wenzake juu ya tabia yake. Mna mpango aliokubaliana na msimamizi wake. Kila mwaka jopo hulisoma jalada zima na kuamua kama asonge mbele, aongezewe muda, au aache.

Faida yake iko wazi. Mwanafunzi wa ubingwa huhamishwa hospitali kila baada ya miezi sita au mwaka, na jalada humfuata. Msimamizi mpya halazimiki kuanza kumfahamu upya.

Lakini ndani ya jalada mna sehemu moja ambayo haijazwi na mkubwa wala karani. Ni sehemu ya tafakuri. Hapo daktari anatakiwa aeleze tukio lililomgusa, alivyofikiri wakati ule, anavyofikiri sasa, na atakachobadili. Wazo hili lina baba wengi. Anayetajwa zaidi ni Mmarekani Donald Schön, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1983 alieleza kwamba fundi hodari hafuati kanuni za vitabuni tu. Hufikiri akiwa ndani ya kazi, na hufikiri tena kazi ikiisha. Seremala anayesikia msumeno unalia vibaya na kusita kidogo, huyo tayari anatafakari.

Usiku wa Januari

Mimi nilianza mafunzo ya ubingwa wa watoto huko Uingereza mwaka 2012. Yatakayofuata yalitokea Januari 2014, katika hospitali ambayo sitaitaja, na mambo madogo nimeyabadili ili mtoto yule asijulikane.

Alikuwa mtoto wa wiki sita, uzito wake kilo nne, akisubiri kufanyiwa upasuaji, na kwa hiyo hakuruhusiwa kupewa kitu kwa mdomo. Alikuwa na maumivu. Saa tisa za usiku niliamua apewe parasetamoli kwa njia ya mshipa. Nilipiga hesabu kichwani, nikapata miligramu 30. Dawa ile ina miligramu 10 katika kila mililita, maana yake alihitaji mililita tatu. Kijiko kidogo hakijai. Lakini katika karatasi ya dawa niliandika mililita 30.

Wauguzi wawili walihakiki kama sheria inavyotaka. Walihakiki kwa uaminifu dhidi ya nilichokiandika mimi. Dawa ikaingia. Sista mmoja aliporudi kuitoa dripu aliitazama ile chupa ya mililita 50 akasita, akasema, "Mtoto mdogo namna hii, na chupa imekwisha zaidi ya nusu?" Yeye alitafakari akiwa ndani ya kazi. Kama angekuwa mtu wa "somo limeeleweka", tungejua habari hiyo siku mbili baadaye, ini limekwisha kuharibika.

Mtoto alikuwa amepata mara kumi ya kipimo chake. Tulipima damu, tukaanza dawa ya kuikinga ini, na daktari bingwa wangu akatoka nyumbani kwake kuja kunisaidia. Kabla hakujapambazuka tulimweleza mama ukweli wote, mimi nikisema na mkubwa wangu akiwa kando. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Kwa hiyo ulifikiri moja, mkono ukaandika kumi?" Sijapata kusikia kosa langu likielezwa kwa ufupi zaidi ya hapo. Namshukuru Mungu, ini halikudhurika, na mtoto alikwenda nyumbani mzima.

Baada ya wiki moja nilifungua jalada langu nikaandika tafakuri. Niliandika hivi, neno kwa neno: "Tukio hili limenikumbusha umuhimu wa kuwa mwangalifu ninapoandika dawa. Siku zijazo nitahakiki mara mbili."

Mnalitambua neno hilo, ndugu zangu? Ni "Somo limeeleweka" lililovaa koti jeupe.

Msimamizi wangu alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye kunywa chai nyingi. Alisoma, akaigeuza kompyuta upande wangu, akasema, "Maneno haya angeweza kuyaandika mtu yeyote juu ya kosa lolote. Wewe ulikuwa wapi usiku ule?" Nikaanza kujitetea: nilikuwa nimechoka, simu iliita mara tatu nikiwa naandika. Akasema hayo ni kweli na yatashughulikiwa, kwani hospitali nayo ina makosa yake. Kisha akauliza, "Hakuna aliyetaka kukusaidia?"

Hapo ndipo nilinyamaza. Alikuwapo. Sista yule yule alikuwa ameniuliza, "Daktari, nikusaidie kuhesabu?" Nami nikajibu, "Hapana, nimezoea." Sikujibu hivyo kwa sababu nimezoea. Nilijibu hivyo kwa sababu nilikuwa mgeni, ninayesema Kiingereza chenye lafudhi ya kwetu, na niliogopa kwamba nikikubali kusaidiwa hesabu ya kuzidisha na kugawanya, watasema huyu ametoka shule gani? Mimi, niliyepata alama nzuri za hesabu katika shule hii, nilikaribia kumuua mtoto kwa kuilinda heshima ambayo hakuna aliyekuwa akiishambulia.

Niliandika upya. Niliandika kwamba nilikataa msaada kwa aibu. Na chini yake nikaandika mambo matatu ya kufanya. Kwanza, nitaandika kipimo kwa miligramu na kwa mililita, vyote viwili, na neno la kipimo nitaliandika kwa ukamilifu. Pili, nitamsomea mwuguzi kwa sauti, naye anisomee. Tatu, mtu akiniuliza usiku "nikusaidie?", jibu ni ndiyo. Tangu siku ile sijaacha. Wauguzi ninaofanya nao kazi sasa wananitania kwa hilo, nami nafurahi kutaniwa.

Hofu ya mwaka 2018

Sasa, ndugu zangu, msije mkadhani kwamba kuandika ukweli hakuna hatari. Mwaka 2011, katika mji wa Leicester, mtoto wa miaka sita alifariki kwa maambukizo yaliyoenea mwilini. Daktari Hadiza Bawa-Garba, aliyekuwa akisomea ubingwa wa watoto kama mimi, ndiye aliyemhudumia. Alifanya makosa. Lakini siku ile alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka likizo ndefu ya uzazi, akibeba kazi ya zaidi ya mtu mmoja, na mtambo wa kompyuta wa hospitali ulikuwa umeharibika kwa saa kadhaa. Novemba 2015 mahakama ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia kutokana na uzembe mkubwa. Januari 2018 Mahakama Kuu iliamua afutwe katika daftari la madaktari. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo, na baadaye akarudi kazini.

Sisi tuliokuwa mafunzoni tulipata hofu kubwa. Ilivuma kwamba tafakuri alizoandika katika jalada lake ndizo zilizomtia hatiani. Chama kilichomtetea kilieleza baadaye kwamba jalada lile halikuwa sehemu ya ushahidi uliowekwa mbele ya mahakama. Lakini uvumi una miguu mirefu kuliko ufafanuzi. Wengi waliacha kuandika, au waliandika maneno matupu. Na mimi usiku mmoja nililifungua jalada langu, nikalitazama lile neno "nilikataa msaada kwa aibu", na kidole changu kikiwa juu ya kitufe cha kufuta.

Sikufuta. Si kwa ushujaa. Nilikumbuka tu kwamba hapakuwa na siri ya kuficha. Mama alikwisha kuambiwa ukweli kabla ya jua kuchomoza, hospitali ilikwisha kuandika taarifa ya tukio na kulichunguza. Jalada langu halikuwa na jambo ambalo mwenye haki ya kulijua hakulijua. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nami naongeza kwamba mficha kosa humwua mwingine.

Mwezi Septemba 2018 baraza linalosimamia madaktari, pamoja na vyuo vya mabingwa, walitoa mwongozo. Walisema tafakuri iandikwe bila jina wala alama za kumtambulisha mgonjwa, na ijikite katika fundisho, si katika kusimulia tukio zima, kwa kuwa tukio lina mahali pake katika faili la mgonjwa na katika taarifa ya hospitali. Baraza likaahidi kwamba halitadai tafakuri za daktari linapomchunguza. Mahakama, hata hivyo, ilibaki na uwezo wa kuzidai. Nawaambia hili waziwazi ili asiwepo kijana atakayesema nilimdanganya.

Na sisi hapa nyumbani

Nilirejea mwaka 2021, na sasa nafundisha wanaosomea ubingwa. Huku kwetu jambo hili si geni kabisa. Chuo cha madaktari wa upasuaji cha nchi za Afrika Mashariki, Kati na Kusini, yaani COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha, hakina majengo ya kufundishia. Wanafunzi wake wamo mahospitalini katika nchi nyingi, na operesheni zao huziandika katika kitabu cha kielektroniki. Bila chombo cha namna hiyo, mwalimu angejuaje kijana wake aliye nchi nyingine amepasua wagonjwa wangapi?

Lakini idadi si kila kitu. Daktari mmoja anaweza kufanya operesheni ya ngiri mara hamsini na kurudia kosa moja mara hamsini. Mwaka 2005 Mholanzi Olle ten Cate alipendekeza tuulize swali jingine: je, kazi hii naweza kumwachia peke yake? Kila bingwa hujiuliza hivyo moyoni anapokwenda kulala na kumwacha kijana wodini. Ni bora jibu liandikwe, na kijana alione.

Nimejifunza pia kwamba jalada linaweza kuoza. Nimewaona wasimamizi wakijaza fomu kumi jioni ya siku ya mwisho, moja baada ya nyingine, kama mtu anayegonga mihuri posta. Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea kitabu chenye nafasi arobaini za sahihi, mwezi mmoja kabla ya mtihani. Sikuweka sahihi hata moja siku ile. Nilimwambia achague wagonjwa watatu tu waliomnyima usingizi. Tulizungumza saa mbili, umeme ukakatika, tukaendelea gizani. Nadhani gizani ndipo alipozungumza vizuri zaidi.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Kompyuta ni sanduku tu. Jalada lina thamani kama mwenye kuliandika anathubutu kusema kweli, naye atathubutu endapo yupo mtu mmoja anayelisoma kwa nia ya kumfundisha, si ya kumkamata. Penye msomaji wa namna hiyo, hata daftari la shilingi chache linatosha. Asipokuwapo, mtambo wa mamilioni utajaa "Somo limeeleweka".

Maneno ya mwisho

Ninyi vijana, msingoje hadi muwe madaktari. Kila Ijumaa jioni, baada ya usafi, chukueni daftari mkaandike mistari mitatu: nilichofanya wiki hii, nilipokosea, na nitakachobadili Jumatatu. Msiandike "niwe mwangalifu". Hilo si badiliko, ni dua. Andikeni kitu ambacho mwenzako anaweza kukiona ukikifanya. Kisha mtafuteni mtu mmoja mnayemwamini, mumsomee.

Nanyi wakubwa wenzangu, wenye vyeo na ofisi, ninyi ndio wasomaji. Kijana akikuletea kosa lake kwa mikono miwili, ukimpokea kwa makofi, hatakuletea la pili. Ataendelea kukosea, ila hutajua.

Mwisho, Ndugu Mwenyekiti, nina deni la kulipa. Mwalimu wetu wa Kiswahili, yule wa sufuria na mwiko, amestaafu, na leo tumebahatika kuwa naye hapa mstari wa mbele. Mwalimu, shikamoo. Mwaka 1994 nilisoma daftari lako la maandalio bila ruhusa, naomba radhi. Ulipoandika kwamba somo halikueleweka, ulidhani unajiandikia mwenyewe na mkaguzi. Miaka 20 baadaye, katika nchi ya baridi, mama mmoja alipoigeuza kompyuta upande wangu na kuniuliza nilikuwa wapi, nilijua namna ya kujibu kwa sababu nilikwisha kuona jibu likiandikwa.

Somo lile, Mwalimu, lilieleweka.